Nimemaliza kozi ya kompyuta ya miezi 3, ngoja niwaambie ilivyokua

Mimi ni karani wa SACCOS huku Temeke. Mwaka jana mwishoni bosi alileta kompyuta mpya mbili ofisini afu akasema daftari basi, kuanzia Januari kila kitu kiingie kwenye Excel, ile programu ya majedwali na hesabu. Kompyuta nilikua naijua ile ya kuwasha, kufungua Word, kutaipu barua kwa vidole viwili kama kuku anadonoa mchele, na kuprinti. Nikaona isiwe tabu, nikaenda chuo kimoja kiko ghorofani juu ya duka la dawa, jina nalihifadhi, nikalipa laki na nusu ya miezi 3 na elfu kumi ya fomu. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, maana yake natoka kazini nakimbilia darasani hata chai sijanywa.

Wiki mbili za kwanza sikugusa mausi. Sitanii. Tunaandika notsi. Charles Babbage ndio baba wa kompyuta, ENIAC ya 1946 ilikua na uzito wa tani kama 30, generesheni ya kwanza mpaka ya tano, taja sifa tano za kompyuta. Yaani nimekimbia daftari la ofisini naenda kukutana na daftari la kompyuta. Kuna mama mmoja tulikua tunakaa nae, anauza mitumba na alitaka tu ajue kuweka hesabu zake vizuri, siku moja akaninong'oneza "mwanangu, hizi mashine tutaziwasha lini?" Wiki ya nne hakuonekana tena na hela yake ikabaki hukohuko.

Mashine zipo 14, zinazowaka 11, sisi tupo 23, kwa hiyo ni wawiliwawili na mashine moja watatu, na ukikaa na mtu mwenye haraka we unabaki mtazamaji mpaka darasa linaisha. Zote ni Windows 7 na Office 2007. Sasa Windows 7 Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia toka Januari 2020, na virusi wa pale ni wa kufa mtu, ukichomeka flashi ukifika nayo ofisini unakuta mafaili yote yamegeuka vile vimshale vya shotikati. Mimi nilipeleka flashi ya ofisi mara moja tu, nikala maneno ya bosi siku nzima. Umeme ukikatika ndio darasa limeisha, jenereta lipo lakini mafuta hamna.

Ila kwenye kutaipu hapo nawapa maua yao. Madamu wa kutaipu ni mtu mzima na hacheki na mtu, anakufunika mikono na kipande cha khanga usione kibodi, anakwambia tafuta vile vinundu kwenye F na J, vidole vya shahada vikae hapo, vingine vitajipanga vyenyewe. Siku za mwanzo nilikua naandika maajabu, "mkopo" inatoka "nlipi", ila kufika mwezi wa pili nikawa naandika barua nzima macho yako kwenye karatasi. Hiyo peke yake imenipunguzia kazi sana, muhtasari wa kikao niliokua natumia asubuhi nzima sa hivi saa moja tu nimemaliza. Kama wangekua wanauza hilo somo peke yake ningesema nenda kesho.

Excel sasa. Excel wanayofundisha ni ya kujumlisha maksi za wanafunzi: Hisabati, Kiswahili, Jiografia, weka SUM, weka AVERAGE, paka rangi, weka bodaz, imekwisha. Kila siku walewale Juma na Asha wana maksi 67. Mimi nahitaji kujua nani kaweka akiba mwezi huu, nani rejesho limepita tarehe, nikiandika namba ya mwanachama deni lake lije. SUMIF, ile ya kujumlisha vinavyotimiza sharti tu, hawakuigusa, VLOOKUP, ile ya kuandika namba ya mtu taarifa zake zikaja, hawakuigusa.

Kilichoniumbua ni hiki. Mwezi wa pili wa kozi, nikijiona sasa mi mtaalamu, nikaingiza orodha ya wanachama wote 312: jina, simu, namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa), hisa. Siku tatu nataipu bila kuangalia kibodi, najisikia. Namba za NIDA zikawa zinatokea kama 1.98E+19, nikadhani ni kasafu kadogo tu nitapanua. Nimepanua wapi, ziko vilevile. Nikabadilisha fomati iwe namba za kawaida, zikaja ndefu vizuri, nikapelekea mhasibu. Akaniita. "Dada yangu, hawa wanachama wako wote NIDA zao zinaishia na sifuri tano? Walipanga foleni pamoja?" Na simu zote zimekatwa sifuri ya mbele.

Kumbe Excel ukiiandikia namba inashika tarakimu 15 tu, zinazozidi hapo inazifanya sifuri, na NIDA ina tarakimu 20. Tena hazirudi, ukishabonyeza Enter zimeenda, ilibidi nirudi kwenye fomu za makaratasi nianze upya zote 312. Dawa yake ni ya sekunde tano: kabla hujaandika chochote chagua safu nzima uiweke kwenye Text, au anza na kile kialama cha koma ya juu (') afu ndio uandike namba. Na simu ni hivyohivyo, sifuri ya mbele inabaki. Kwani ofisi gani Tanzania sa hivi haiandiki NIDA na namba za simu? Hilo ndio lilitakiwa liwe somo la kwanza, Babbage angesubiri.

Nilivyoenda kumuuliza mwalimu mkuu akanijibu hiyo ni advansi, kuna kozi yake, laki mbili. Aliyenisaidia ni kijana wa fildi, wale wanafunzi wanaokuja miezi miwili, umeme umekatika tumekaa kwenye ngazi, akatoa simu yake akafungua Google Sheets, ni kama Excel ila ya Google, akanionyesha palepale, dakika kumi. Jumamosi yake akatufundisha watu wanne meil meji, yaani unaandika barua moja ya kumkumbusha mtu deni, unaiunganisha na orodha ya Excel, zinatoka barua 40 kila moja na jina lake na kiasi chake. Mimi nilikua nabadilisha jina moja moja, kuna siku nimempelekea mtu barua ya deni la mwenzie, aisee acha tu. Somo bora la miezi yote 3 na halikuwepo hata kwenye ratiba.

Kwa hiyo ukiniuliza laki na nusu ilikua halali yao, nitasema elfu sabini ilikua halali. Kutaipu nimejua, Word nimejua, Excel nimefundishwa na mtu asiyelipwa. Kabla hujalipa popote omba ukae darasani siku moja, ona kama watu wanashika mashine au wanashika kalamu, uliza Microsoft Office yao ni ya mwaka gani maana ukizoea ya 2007 ukija kukuta mpya kazini kuna vitu utavitafuta, na waulize kama wamesajiliwa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, mwenye usajili hachelewi kukuonyesha. Nenda na kazi yako mwenyewe, orodha yako, waambie nataka kufanya hivi, ukiona wanaanza kuzungukazunguka toka. VETA nao wana kozi fupi za kompyuta, kaulize kabla. Kama una bando na simu nzuri, Google Sheets ni bure, na GCFGlobal wana masomo ya Excel bure kabisa, ni ya Kiingereza lakini picha zinajieleza.

Cheti bado sijachukua, wanataka elfu ishirini ya kuprinti na laminesheni. Kijana wa fildi kamaliza muda wake karudi chuoni kwao. Na kama utaangukia hapohapo nilipoangukia mimi, wahi ukae mashine ya tatu kutoka mlangoni, ile ya dirishani kibodi yake herufi A mpaka uigonge na kidole gumba.