Miezi minne na video za hesabu za Khan Academy, hapa Masasi

Nilimaliza darasa la saba nikiijua MAGAZIJUTO kwa kuiimba. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: hata ungeniamsha usiku ningekutajia. Lakini ukinipa sehemu mbili zenye asili tofauti nizijumlishe, kalamu ilikuwa inasimama. Zaidi ya miaka ishirini imepita, sasa nina mikorosho yangu na binti aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba, na kalamu ilikuwa bado inasimama palepale.

Kilichonirudisha kwenye hesabu ni kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya kutupa kabla msimu haujafunguliwa. Jirani yetu alibanwa na shida mwezi wa nane, akachukua shilingi 60,000 kwa mtu, kwa makubaliano ya kulipa kilo 40 za korosho msimu ukifunguliwa. Jioni moja tukakaa barazani na binti yangu, tukakadiria mnada utoe shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 40 ni 120,000. Binti akasema, "Mama, jirani kapoteza asilimia 50." Mimi nikasema ni 100, maana yule mtu ametoa 60 akapata 60 nyingine juu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenzake kosa liko wapi.

Mwalimu mmoja mstaafu hapa Mkuti ndiye aliyenielekeza Khan Academy. Ni masomo ya bure kutoka Marekani, video fupi fupi, nyingi hazizidi dakika kumi. Mwanzilishi wake, Salman Khan, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake aliyekuwa mji mwingine, mwaka 2006 akaanza kuweka video YouTube, na 2008 ikawa taasisi isiyo ya faida. Mpaka leo ukisikiliza unahisi ni mtu anamwelekeza ndugu yake. Uso wake huuoni: ni ubao mweusi, maandishi ya rangi na sauti isiyo na haraka.

Nikakimbilia asilimia. Sikuelewa. Nikarudia mara tatu, sikuelewa. Nikarudi kwenye desimali, napo nikakwama, nikashuka hadi sehemu za darasa la nne, na huko ndiko nilikokuta shimo langu. Mtu mzima kukaa na somo la mtoto wa miaka kumi si jambo jepesi, lakini simu haikuchoki wala haikucheki. Niliitazama video moja ya asili tofauti mara tisa kwa siku mbili. Yeye anakata piza, sisi tukakata chapati: nusu na theluthi huwezi kuzijumlisha mpaka uzikate vipande vinavyolingana, vya sita sita. Siku ile nikaelewa kwa nini namba ya chini inaitwa asili. Ndiko kile kipande kilikotoka.

Tukarudi kwa jirani. Jirani amepoteza 60,000 kutoka kwenye 120,000 ambazo zingekuwa zake: asilimia 50. Yule mtu amepata 60,000 juu ya 60,000 aliyotoa: asilimia 100. Tulikuwa sahihi wote wawili, ila kila mmoja alikuwa na asili yake. Tangu hapo mtu akinitajia asilimia, iwe ya makato au ya riba ya kikoba, swali langu la kwanza ni: ya nini?

Lugha ndiyo iliyotupa kazi, maana video tulizotumia ni za Kiingereza. Tulipiga mstari katikati ya daftari: huku kiasi, huku numereta, huku asili, huku denomineta, KDS yetu (kigawe kidogo cha shirika) ikawa LCM. Kazi hiyo imemfaa binti kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kidato cha kwanza hesabu zote ni Kiingereza, na Januari ameingia darasani maneno hayo akiwa ameshayazoea.

Wiki ya kwanza tulikosea. Tulikuwa tunatazama video tano mfululizo kama tamthilia, tunaitikia kwa kichwa, kesho yake hatukumbuki hata moja. Sasa swali likishaandikwa ubaoni tunasimamisha video, kila mtu anafanya kwenye daftari lake, ndipo tunaachia tuone jibu. Kisha mazoezi. Video moja hutuchukua karibu saa nzima. Niliwahi kulipia masomo mengine ya video, mwalimu anaruka hatua na muziki unapiga nyuma. Hela ile naijutia.

Bando linakwenda, lakini nikishusha ubora wa picha YouTube hadi 144, maandishi bado yanasomeka. Simu ni moja, kwa hiyo ni baada ya chakula cha usiku, na wakati wa kuokota korosho tulikuwa tunaruka siku.

Ukitaka kuanza, usianzie pale panapokusumbua. Shuka chini hadi ukute somo unaloweza kumfundisha mtoto bila kutazama, uanzie hapo kupanda. Mimi bado sijamaliza uwiano. Binti amefika namba hasi, na juzi ameniomba nimsubiri hadi Jumamosi tuzitazame pamoja.