Dawa ya kijani ya mbao: uzoefu wangu baada ya masika mbili

Nina kibaraza cha mbao nyuma ya nyumba, hapa Tanga: nguzo sita, reli na benchi mbili. Mvule sikuumudu. Nikachukua paini ya Mafinga, nyeupe pee, haijatiwa dawa, na muuzaji hakunificha: "Hizi za ndani, kaka. Ukizipeleka nje umewapikia mchwa."

Fundi alitaka tupige oili chafu kama wafanyavyo wengi. Nikakataa. Oili chafu haizami ndani, ikishakaa hakuna rangi itakayoshika juu yake, na ina mabaki ya metali za injini ambayo mvua huyateremsha udongoni, pale pale watoto wanapocheza. Halafu mtu katoka msikitini na kanzu yake, anakuja kukaa hapo!

Nikanunua kopo la lita 5 la dawa ya kupaka, ile ya kijani yenye shaba. Inanuka kama mafuta ya taa, glovu lazima. Siku ya kwanza ilinishinda: mbao zilikuwa bado na maji, dawa ikawa inateleza juu kama umande kwenye jani la mgomba. Nikaacha. Nikazipanga chini ya bati, vijiti katikati ya kila mbao ili upepo upite, zikakaa wiki sita. Mbili zilipinda, sawa. Zilizobaki zilikuwa nyepesi, na safari hii zilinywa dawa kama mkate unavyonywa chai.

Kazi yenyewe iko kwenye ncha. Mbao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu, maana mishipa ya mti ndiko inakoishia. Nguzo nilizisimamisha ndani ya ndoo ya dawa usiku kucha, na asubuhi ndoo ilikuwa imepungua vidole vitatu. Ila siku ya kusimika nilikuwa kazini. Fundi akaona nguzo mbili ni ndefu, akazipunguza kwa msumeno upande wa chini, akazifukia hivyo hivyo, nyeupe.

Masika ya pili ilipokwisha nilipita na bisibisi, nikichoma kila nguzo usawa wa ardhi, pale unyevu na hewa vinapokutana, ndipo kuoza kunapoanzia. Nne ziligonga, kavu. Zile mbili bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na njia ya udongo ya mchwa ilikuwa imepanda ndani kwa ndani. Kopo ni lile lile, mbao ni zile zile. Mbadala wake nimeziweka juu ya vikalio vya chuma kwenye zege, udongo haziugusi kabisa.

Kwenye benchi sijafurahi. Harufu ilikaa karibu miezi miwili, na kanga ya mke wangu ina mstari wa kijani hadi leo. Tena dawa hii inazuia wadudu na kuoza, haizuii jua: ule ukijani umegeuka hudhurungi na mbao za juu zimepasuka-pasuka. Sasa benchi nazipaka mafuta ya linsidi, yanayokamuliwa mbegu za kitani, kila mwaka kabla ya mvua. (Matambara yake yaanike yametandazwa, ukiyafungia kwenye mfuko yanaweza kuwaka moto yenyewe.) Jirani yangu, mzee aliyekuwa akitengeneza majahazi, alinicheka kwa kulalamika. "Sisi jahazi tulikuwa tukilipaka sifa, yale mafuta ya papa, mwanangu, na tulikuwa tukirudia. Wewe ulitaka upake mara moja ukalale?"

Vipande vilivyobaki nusura mama avitie jikoni kama kuni. Mbao yenye dawa haipikiwi.

Nguzo naipa nyota nne kati ya tano, benchi mbili. Wiki iliyopita nimenunua kopo jingine, dogo, la ncha tu. Silihifadhi stoo kwangu. Linakaa kwenye sanduku la fundi, limefungwa kwa kamba kwenye mpini wa msumeno.