Vanguard: Mlinzi Mkali Anayedai Funguo Zote

Watu wengi hupakua Valorant, gemu ya kompyuta ya kufyatua risasi, kwa ajili ya gemu yenyewe, na Vanguard huingia pamoja nayo kama sharti lisilokwepeka. Ni programu ya kuzuia udanganyifu ya kampuni ya Riot Games, iliyoanza kutumika mwaka 2020 Valorant ilipotoka, kisha mwaka 2024 ikapelekwa pia kwenye League of Legends, gemu nyingine ya kampuni hiyo. Mtumiaji halipi chochote, kwa kuwa gemu zote mbili hutolewa bure, lakini hiyo haimaanishi kwamba haina gharama, na ninachotaka kupima hapa ni kama inachokupa kinalingana na inachokudai.

Katika gemu za kufyatua risasi kuna udanganyifu wa aina mbili unaosumbua kuliko mwingine wote. Aimboti humlengea mtumiaji wake shabaha, ikiupeleka mdomo wa bunduki kichwani mwa adui kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauifikii, ilhali wallhaki humwonyesha maadui walipojificha nyuma ya kuta. Aimboti inayotumiwa kizembe hutambulika kwa macho tu. Wallhaki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu anayeitumia kwa ujanja hujifanya hajui lolote: husubiri kidogo kabla ya kuchungulia kona, hukosa risasi chache kwa makusudi, na aliyeuawa hubaki akijiuliza kama amezidiwa ujuzi au ameibiwa.

Swali hilo ndilo linaloharibu gemu. Shaka ikishaingia, kila anayeshindwa hupata kisingizio, na mchezaji hodari aliyetumia miaka kuzikariri ramani huitwa mwizi kila anapofyatua risasi nzuri. Chipukizi naye haoni sababu ya kutazama upya mechi aliyopoteza ili ajue alipokosea, kwa kuwa ameshajiaminisha kwamba hakukosea popote. Hata mashindano ya malipo hayajasalimika. Oktoba 2018, katika mashindano ya gemu ya Counter-Strike yaliyofanyika Shanghai, mchezaji mmoja wa timu ya OpTic India alikutwa na programu ya udanganyifu iliyofichwa kwa jina la word.exe kwenye kompyuta aliyokuwa akichezea ukumbini. Timu nzima iliondolewa mashindanoni na kisha ikavunjwa, na wenzake wanne wakabeba adhabu pamoja naye. Kwa hiyo sivutiwi sana na kampuni inayotangaza idadi ya akaunti ilizofunga. Ninachotaka kujua ni kama mtu akishindwa anaweza kuamini kwamba ameshindwa kihalali.

Kwa kipimo hicho, Vanguard inawashinda wenzake wengi. Sehemu yake kuu ni draiva, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya kiini cha Windows, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongoza kompyuta nzima, na iliyoundwa ianze kazi mara kompyuta inapowashwa, kabla hata hujafikiria kufungua gemu. Sababu yake inaeleweka: watengenezaji wa programu za udanganyifu walikwisha kuhamia kwenye kiini hicho, na huko aliyetangulia kuingia anaweza kumfichia mambo aliyechelewa. Katika Windows 11 inadai pia kwamba Secure Boot na TPM 2.0, kinga zilizomo ndani ya kompyuta yenyewe, ziwe zimewashwa, ili kompyuta iwake bila kuchezewa na utambulisho wake usiwe rahisi kughushiwa. Hili la utambulisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika gemu ya bure akaunti mpya haigharimu chochote, na marufuku isiyoigusa mashine yenyewe ni usumbufu wa dakika chache tu.

Ikimnasa mtu katikati ya mechi ya Valorant, haingoji mechi iishe. Mchezo husimama kwa wote kumi, tangazo jekundu likajaza skrini kueleza kwamba mdanganyifu amegunduliwa, na mechi ikafutwa. Aliyekuwa akipokea kichapo hufarijika, na aliyekuwa akiongoza bila kujua kwamba mwenzake anadanganya hupoteza ushindi ambao kwa kweli haukuwa wake. Tangazo hilo lina thamani ya pekee, maana linawaonyesha wachezaji waaminifu, palepale na kwa macho yao, kwamba kuna anayewatazamia.

Hata hivyo, si sifa zote ni za Vanguard. Seva za Valorant hazipeleki kwenye kompyuta yako habari za mahali alipo adui mpaka awe karibu kuonekana, na kwa hiyo wallhaki hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake, kwa kuwa haiwezi kuonyesha habari ambazo hazijafika. Kwangu hii ndiyo kinga bora kuliko zote katika gemu hiyo, kwa kuwa haidai chochote kutoka kwenye mashine ya mchezaji, na inashangaza kwamba gemu nyingi za aina hii bado hazijaichukulia kwa uzito huo.

VAC, programu ya kuzuia udanganyifu ya Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ni ya tangu mwaka 2002 na imefuata njia tofauti. Haizami kwenye kiini cha mfumo, na mara nyingi huchelewesha adhabu kwa makusudi ili watengenezaji wa programu za udanganyifu wasijue ni kitu gani kilichowafichua. Ujanja huo una nguvu yake: Februari 2023 Valve iliweka ndani ya gemu yake ya Dota 2 data ya mtego ambayo mchezaji wa kawaida asingeisoma kamwe, ikazifungia akaunti zaidi ya 40,000 zilizoisoma. Tatizo ni kwamba, wakati mtego unasubiriwa ujae, wachezaji waaminifu wanaendelea kuumia. Si ajabu kwamba wachezaji wengi wa Counter-Strike wanaojali ushindani huhamia FACEIT, jukwaa la nje la kuchezea mechi za ushindani, ambako hulazimika kuweka programu ya ulinzi inayoingia kwenye kiini kama Vanguard. Wamepewa nafasi ya kuchagua, wakachagua ukali.

Ricochet, programu ya kuzuia udanganyifu ya gemu ya Call of Duty iliyotangazwa mwaka 2021, huwafanyia wadanganyifu mizaha: wakati mwingine huwaficha wapinzani wasiwaone, au hupunguza makali ya risasi zao. Inachekesha kuisikia ikisimuliwa, ila mdanganyifu huyo bado yumo ndani ya mechi yako.

Sasa gharama. Draiva inayokaa kwenye kiini ina uwezo karibu sawa na wa mfumo wenyewe, na kasoro yake ni kasoro ya kompyuta nzima. Mwaka 2022 ilibainika kwamba wahalifu wa mtandaoni walikuwa wakiitumia mhyprot2.sys, draiva ya kuzuia udanganyifu ya Genshin Impact, kuzima programu za kinga kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hawakuhitaji gemu hiyo iwe imewekwa kwenye mashine waliyoishambulia. Vanguard haikuhusika katika kisa hicho, na Riot ilikwisha kutenga zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayegundua udhaifu mkubwa ndani yake, jambo la kupongezwa. Lakini hatari yenyewe iko katika aina ya programu hizi. Unaweza kuizima Vanguard ukimaliza kucheza, ila ukitaka kurudi utalazimika kuiwasha upya kompyuta, na wengi huchoka wakaiacha iendelee siku nzima.

Waliodhulumiwa zaidi ni waliokuwa wakicheza League of Legends kwa kutumia Linux, ambao mwaka 2024 walifungiwa mlango bila kosa lolote kwa sababu Vanguard haifanyi kazi kwenye mfumo wao. Isitoshe, wadanganyifu wenye fedha wamekwisha kutafuta njia nyingine: hupachika ndani ya kompyuta kadi inayosoma kumbukumbu yake moja kwa moja na kuipeleka habari hiyo kwenye kompyuta ya pili, ambako Vanguard haipo. Riot inapambana nao pia, lakini angalau bei ya vifaa hivyo inawapunguza idadi.

Ushauri wangu ni huu: kama kompyuta yako ni ya gemu tu, iweke bila wasiwasi, na utacheza mechi zenye shaka chache kuliko kwingine. Kama mashine hiyohiyo ina nyaraka za kazi au siri za watu wengine, cheza gemu isiyodai kiini cha mfumo, hata kama utakutana na wezi wengi zaidi. Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya watu wa Linux.