Tumbo halielewani na maziwa? Cha kununua Nakuru, kuanzia bora

Ukinywa glasi ya maziwa tumbo likajaa gesi, likanguruma na kukukimbiza chooni, mshukiwa wa kwanza ni laktosi, sukari ya maziwa. Wengi wetu tukishakua, mwili hupunguza laktesi, kimeng'enya cha kuivunja. Sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko huichachusha, nawe unafura. Maziwa yaliyochacha tayari yamekupunguzia hiyo kazi, ila si yote kwa kiwango kimoja.

Namba moja ni yogati isiyotiwa sukari, yenye bakteria hai. Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus huja na kimeng'enya chao na huendelea kuvunja laktosi hata baada ya kumezwa. EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilikubali hilo mwaka 2010, kwa sharti kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Hapo ndipo wengi tunauziwa hewa. Yogati inayokaa miezi kwenye rafu bila friji kwa kawaida imepashwa moto baada ya kuganda, na bakteria wake wamekufa. Ni tamu, ina rangi ya stroberi, basi. Chukua ya friji, soma tarehe, na kama kopo limefura liache hapo hapo.

Ya pili ni mala ya pakiti, yaani maziwa ya mgando. Kwa mfuko wangu ingekuwa ya kwanza, maana ni nafuu kuliko yogati na ikikutana na ugali haina mpinzani. Lakini uchachushaji wake huondoa sehemu tu ya laktosi, kwa hiyo anza na nusu kikombe pamoja na chakula, uone.

Maziwa yasiyo na laktosi yako kwenye supamaketi kubwa. Yametiwa laktesi, ndiyo maana ni matamu kidogo. Yanafaa kwa chai, ila usitarajie bakteria hai humo.

Mursik, maziwa ya Kikalenjin yanayogandishwa kwenye kibuyu, naiweka ya nne, na najua majirani zangu wa Kuresoi watanigombeza. Ladha ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet haipatikani kiwandani. Tatizo ni mtungi usiojulikana pale stejini: kama maziwa hayakuchemshwa kabla ya kugandishwa, yanaweza kukuletea brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo. Nunua kwa mama unayemjua, umuulize.

Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yanayosifiwa kuwa dawa? Laktosi imo humo pia. Na anayekuambia mala inaponya vidonda vya tumbo, mpite. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu au homa isipoisha, nenda hospitali. Mtoto anayeharisha apewe ORS, ile chumvi ya kukorogwa na maji ya kurudisha maji mwilini, na zinki, yogati isichukue nafasi yake.

Ukitaka kujua kama yogati yako ni hai, chemsha nusu lita ya maziwa, acha yapoe mpaka kidole kivumilie joto, koroga vijiko viwili vya ile yogati, funika sufuria na uizungushie blanketi usiku kucha. Nakuru kuna baridi. Yakiganda, rudi duka lile lile. Yakibaki maji, badilisha chapa.