Windows 10 imeachwa: nilivyohamisha kompyuta nne za steshenari yangu

Nina steshenari ndogo Morogoro, na kompyuta nne. Moja ipo kaunta, ndiyo inayoshika hesabu za mauzo na printa kubwa. Mbili ni za wateja wanaokuja kuandika barua na kujaza maombi ya kazi. Ya nne ni ya mezani kwangu, ya kadi za michango na harusi. Zote zilikuwa Windows 10.

Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure Oktoba 14, 2025. Kwetu ilikuwa Nyerere Day, duka limefungwa. Kesho yake nikawasha mashine huku nimejiandaa kwa lolote. Zikawaka, kopi zikatoka kama jana, nikajisemea tumetishwa bure.

Kilichonizindua ni flashi. Steshenari inapokea flashi za mji mzima: mwanafunzi anachomeka, mafolda yake yote yamegeuka shotikati, naye anaapa kwamba jana zilikuwa nzima. Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, bado inaletewa taarifa za virusi wapya kwenye Windows 10 hadi 2028, lakini tundu likionekana kwenye Windows yenyewe, halizibwi. Wa nyumbani anaweza kuvumilia hivyo. Mimi siwezi.

Kwanza nilifikiria kulipia muda wa nyongeza wa masasisho. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, halafu bei inapanda maradufu: 122, kisha 244. Miaka mitatu, dola 427, kwa kompyuta ambayo nikiiuza leo sipati hata nusu yake. Nikaachana nayo.

Kwenda Windows 11 ni bure kama mashine inakubali. Nilimwita fundi aanze na ya kaunta, Dell OptiPlex 3060. Akaipima kwa PC Health Check, programu ya Microsoft ya kuangalia kama mashine inaiweza Windows 11, ikagoma. "Bosi, hii ndiyo basi, tafuta nyingine." Bahati nzuri sikumlipa siku hiyohiyo. Usiku nikaisoma orodha mwenyewe mstari kwa mstari: prosesa ilikuwa na alama ya vema, kilichokataliwa ni TPM, yaani chipu ya usalama, na Secure Boot, yaani kinga ya wakati wa kuwaka, basi. TPM ilikuwemo ndani, imezimwa. Kwenye BIOS (mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) za mashine za Intel inaitwa PTT, ukiiwasha kazi imeisha.

Secure Boot ndiyo ilinichosha, kwa sababu inataka UEFI, mtindo mpya wa kuwasha mashine, nao unataka diski iliyopangwa kwa mtindo mpya wa GPT. Diski ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kwa hiyo nilihamisha kwanza mafaili yote ya mauzo kwenye diski ya nje, nikaibadilisha diski ya mashine kuwa GPT kwa mbr2gpt, programu ya Windows yenyewe, ndipo nikaingia BIOS kuweka UEFI. Ukianza na UEFI kabla ya diski, mashine haiwaki. Najua kwa sababu nilianza hivyo. Windows 11 yenyewe ni zaidi ya GB 5, nikaishusha kwa bando la usiku. Ikiwa katikati ya kujisakinisha, umeme ukakatika. UPS ikalia dakika saba nzima nami nimesimama pembeni yake kama niko wodini. Umeme ukarudi, ikamaliza, na programu zote zilibaki mahali pake.

Ya mezani kwangu ilinikasirisha zaidi. Mwaka juzi niliuziwa Kariakoo kwa sifa moja, "i7 hiyo, hakuna kubwa zaidi." Kumbe prosesa yake ni i7-4790. Kwenye namba za tarakimu nne kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na hii ni kizazi cha nne. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia cha nane. i5-8500 inapita, i7 yangu haipiti! Nikanunua nyingine iliyotumika, safari hii nikiisoma namba dukani kabla ya kutoa hela.

Zile mbili za wateja ni i3 za zamani, RAM GB 4. Nimezivisha Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce, ambayo itapata masasisho hadi 2029, nikazibadilishia diski kuwa SSD, zile za kasi. Intaneti na fomu za maombi hazina shida. Shida ni CV: iliyopangwa kwa jedwali kwenye Word ikifunguliwa na LibreOffice, programu ya kuandikia ya Mint, picha inashuka na simu za wadhamini zinahamia ukurasa wa pili. Siku hizi CV za Word nazifungulia kaunta. Kwa upande mwingine, skana yangu kuukuu ambayo haina draiva ya Windows 11, Mint iliitambua pale nilipoichomeka.

Kwa mashine ya kaunta, Windows 11 naipa nne kwa tano. Mint kwa wateja, tatu na nusu, hiyo nusu ni ya skana. Ile i7 nayo nimeiwekea Mint na kuisogeza upande wa wateja. Ina kasi kuliko wenzake, na kuna kijana wa chuo ambaye akikuta imekaliwa, anakaa kwenye benchi anaisubiri.