Maporomoko ya maji ya Seljalandsfoss au Skógafoss, usimame wapi?
Kama unapita barabara namba 1 kusini mwa Iceland na una muda wa kusimama mara moja tu, wakati wa baridi mi nakwambia Skógafoss. Maporomoko yote mawili yana kama mita 60 kwenda juu na hayako mbali, toka moja hadi jingine kilomita 30 hivi, ila raha ya Seljalandsfoss ni kupita nyuma ya maji, sasa winta kile kinjia kikiganda barafu wanakifunga, unabaki kuangalia kwa mbele tu. Skógafoss ni pana, unasogea mpaka karibu kabisa unalowa, jua likitoka upinde wa mvua huo hapo, na ngazi zipo za kupanda hadi juu. Kiangazi lakini? Seljalandsfoss bila kufikiria, halafu tembea kidogo kaskazini uyaone maporomoko ya Gljúfrabúi yamejificha kwenye ufa wa mwamba, mazuri sana yale! Koti la mvua kote kote.