Mshumaa wa maganda ya machungwa: nimeuwasha wiki mbili

Mimi ni fundi cherehani hapa Mabibo, na mbu wanaonimaliza ni wale wa kwenye vifundo vya miguu. Ukiwa unakanyaga cherehani huwezi kujipiga makofi miguuni, gauni la mtu litaenda upande. Koili ya mbu inanikohoza. Kwa hiyo dada mmoja jirani aliponiletea mshumaa wake wa kufukuza mbu kwa shilingi 2,500, sikubishana bei.

Umo kwenye kopo la nyanya lililooshwa. Nta ni masalia ya mishumaa tuliyowasha umeme ulipokatika. Anayayeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji, maana nta ikipata moto mkali inalipuka ukashangaa. Maganda anapewa bure na wauza machungwa, yale ya kijani ya Muheza ambayo hata yakiiva hayabadiliki rangi.

Mshumaa wa kwanza nusura uniunguzie kazi. Ndani kulikuwa na vipande vya ganda kavu. Nta ilipoyeyuka vikaelea, kimoja kikashika moto, nikawa na mioto miwili chini ya meza yenye vitenge vya watu! Nikaufunika kwa sahani. Nilipomrudishia alicheka kwanza, ndipo akasema, "Pole fundi, niachie." Wa pili maganda ameyaloweka kwenye mafuta ya kula siku kadhaa, akayachuja kwa kitambaa (chakavu changu hicho, nilimpa mimi), kisha akachanganya na nta. Huo ndio ninaousifia.

Nauweka kwenye kigae karibu na mguu, mbali na vitambaa. Nusu saa ya mwanzo miguu inatulia kweli. Baadaye harufu inakata, kwa kuwa limonini, ile inayonukia kwenye ganda, hupaa upesi. Upepo ukipita barazani ndiyo basi, umewasha taa tu.

Ila ile karatasi ya "hufukuza mbu usiku kucha", dada angu, ibandue. Kopo lenyewe halifiki asubuhi. Kitandani mimi na chandarua changu. Na mwaka 2019 homa ya dengue ilinilaza wiki nzima. Mbu wake huuma mchana, hao nawawahi kwa kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Nimeagiza mingine mitatu. Nimemwambia aongeze unene wa utambi, huu wa sasa unazama kwenye nta.